Mataya matatu ya mbuzi na mnyama wa Ruhuhu

Kazi yangu ni kutengeneza meno bandia. Daktari anachukua kipimo cha kinywa cha mgonjwa, kipimo kinaletwa kwangu, namimina plasta, na kesho yake mezani pana taya la mtu ambaye pengine sitamwona kamwe. Miaka 19 ya kazi hiyo hapa Moshi imenizoesha kumsoma mtu kwa meno yake. Namjua anayetafunia upande mmoja. Namjua anayesaga meno usingizini. Aliyekulia kwenye maji yenye floraidi nyingi kule chini ya Mlima Meru, daktari huniandikia kabisa, nisije nikaweka jino jeupe katikati ya meno ya kahawia.

Desemba iliyopita mpwa wangu, anayesoma jiolojia chuoni, alikuja kwetu Kibosho kula sikukuu. Hata begi hajalitua vizuri, akatandaza karatasi mbili za michoro juu ya meza.

"Shikamoo Mjomba. Hebu niambie, huyu alikuwa anakula nini?"

Yalikuwa magego mawili, la juu na la chini. La juu lilikuwa limetanuka kutoka upande wa shavu kwenda upande wa ulimi, lina bonde, na ukuta mwembamba unakatiza nyuma ya bonde hilo. La chini jembamba zaidi, vilele vimesimama mbele, nyuma kuna kibonde kidogo. Nikamwambia hili ni jino la kusaga mimea. Mla nyama hahitaji bonde, anahitaji makali.

Akafurahi, akaniambia jina lake: Scalenodon. Ni Kigiriki, jino ambalo pande zake hazilingani. Aliishi kipindi cha Triasiki ya Kati, takriban miaka milioni 240 iliyopita, na mifupa yake imetoka kwetu kusini, bonde la mto Ruhuhu, ule unaomwaga maji Ziwa Nyasa karibu na Manda.

Si mamalia bado, wala si mjusi. Ni wa kundi la sinodonti, ambamo ukoo wa mamalia ulichipuka. Weka kidole mbele ya sikio lako, fungua mdomo, funga. Kiungo unachokisikia kikicheza hapo ni kipya. Taya la zamani lilikuwa na mifupa kadhaa upande wa nyuma, na lilibebwa na kiungo kingine. Katika sinodonti mfupa wenye meno ulizidi kukua, ile ya nyuma ikazidi kusinyaa, na mwishowe miwili kati ya mifupa iliyounda kiungo kile cha kale ikaingia sikioni. Ndiyo nyundo na fuawe tunazosikilizia leo. Nimeshika mataya karibu kila siku kwa miaka 19 na sikuwa najua hilo. Usiku ule nililala nimeweka kidole pale pale.

Asubuhi tukarudi kwenye michoro, maana lililomleta mpwa wangu halikuwa chakula cha mnyama. Lilikuwa jina. Wataalamu walikuwa wamehesabu spishi nne za Scalenodon kutoka Ruhuhu, na yeye alitaka kuelewa wanazitofautishaje.

Habari yenyewe imekwenda hivi. Mwaka 1932 mwanajiolojia wa serikali ya Tanganyika, G. M. Stockley, aliandika kuhusu bonde lile, makaa yake ya mawe na mifupa yake. Mwaka 1933 akaja F. R. Parrington kutoka Cambridge, akakusanya mifupa mingi, na mwaka 1946 akamtangaza sinodonti mmoja kwa jina la Trirachodon angustifrons, yaani mwenye paji jembamba. Mwaka 1955 A. W. Crompton akamwangalia upya, akaona hafai kukaa kwenye jenasi ile ya Trirachodon (jenasi ni kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu), akamfungulia jenasi yake, Scalenodon. Kisha ikaja safari kubwa ya Waingereza ya mwaka 1963, na kutokana na mifupa mingine ya bonde lile Crompton mwaka 1972 akaongeza spishi tatu: attridgei, charigi na hirschsoni. Mbili za kwanza zimebeba majina ya Attridge na Charig, waliokuwa kwenye safari hiyo. Wachunguzi waliofuata wakaona hirschsoni hakai vizuri na ndugu zake, anaelekea zaidi kwa Luangwa, mnyama aliyepewa jina la bonde la Zambia. Mwaka 2014 James Hopson akamtoa kabisa, akamwita Mandagomphodon. Manda ikaingia kwenye jina. Hilo lilinigusa kuliko nilivyotarajia.

Lakini swali lilibaki: hawa wote wanatofautishwa hasa kwa magego. Na mimi najua gego linavyobadilika.

Desemba Uchagani haikosi mbuzi, kwa hiyo haikosi mataya. Nikaomba vichwa kwa majirani, tukachemsha mpaka nyama ikaachia, tukasugua kwa mswaki wa zamani, tukaanika juani. Tukachagua mataya matatu ya chini. La kwanza la mbuzi wa chini ya mwaka, meno ya mbele bado ya utoto. La pili la mwenye meno mawili, kama wafugaji wanavyosema, yaani mawili mapana ya katikati yameota. La tatu la mwenye meno manane, aliyekomaa. (Mbuzi ana meno 32 kama sisi, ila juu mbele hana hata moja.)

Sasa tazama gego la tatu ukianzia mbele. Kwa yule mdogo ni refu, lina sehemu tatu zilizofuatana kama vibanda vitatu vilivyoshikana ukuta. Kwa yule mkubwa, mahali pale pale, kuna jino fupi la kawaida, na jino lenye sehemu tatu liko mwisho kabisa wa safu. Lile la mtoto lilikuwa la utoto, likang'oka, likaja jingine la umbo tofauti. Yule wa meno mawili bado alikuwa nalo, ila limesagika mpaka mifereji imeanza kufutika. Nikamwambia mpwa wangu: "Haya, ungeyaokota haya kwenye mwamba, bila ngozi, bila mchungaji wa kukueleza, ungesema mbuzi wangapi?" Alikaa kimya kitambo, akayapanga upya, akayapanga tena.

Na sinodonti hawa wana mambo zaidi ya mbuzi. Katika jamaa ya Scalenodon, magego ya mbele yaling'oka na mapya yakaongezwa nyuma, safu ikawa inasogea nyuma jinsi mnyama anavyokua. Jino la tano la mdogo si mwenzake wa jino la tano la mkubwa. Kule Karoo, Afrika Kusini, sinodonti mwingine aitwaye Diademodon aliwahi kugawanywa katika spishi nyingi. Leo wengi wanamhesabu kuwa mmoja, Diademodon tetragonus, na tofauti nyingi zilikuwa za umri tu.

Nilitaka kuona kusagika kwenyewe. Nikachonga magego yale mawili kwa nta, makubwa kama ngumi ya mtoto, nikayamwaga plasta. Kwa kawaida naweka mataya kwenye kifaa chetu chenye bawaba kinachoiga kutafuna, naingiza karatasi ya bluu katikati, nagongesha, naona meno yanapogusana. Binadamu na mbuzi husaga kwa kwenda pembeni. Nikapeleka pembeni: vilele vikakwama kwenye kuta za bonde. Mpwa wangu akasema Crompton alieleza kwamba taya la chini la hawa lilipanda na kuvutwa nyuma. Kifaa changu hakirudi nyuma kiasi hicho, nikayashika kwa mikono. Nikapandisha, nikavuta. Lilipita laini kama droo. Nilipofungua, bluu ilikuwa imejichora mstari safi kwenye ule ukuta wa nyuma wa gego la juu, na mwingine kwenye vilele vya la chini.

Hapo ndipo nilipopata msimamo wangu. Ukuta ule ndio unaolika kwanza. Mtu anayepima urefu wake ili aseme hii ni spishi nyingine, kwanza anieleze jino limetumika muda gani na lilikaa wapi katika safu. Hirschsoni sina neno naye. Aliyemtenga alimchunguza kwa kina, na amepata jina linalomstahili. Ninayoyawekea shaka ni majina yanayosimama juu ya vipande vichache vya taya.

Mpwa wangu aliporudi chuo nilimpa nakala za plasta za mataya yale matatu ya mbuzi. Chini yake sikuandika chochote ila namba 1, 2 na 3. Juzi usiku amenipigia. Ameyapitisha kwa wenzake bila kuwaambia ni ya nani, na wamegawanyika: wapo waliosema mnyama ni mmoja, wapo waliosema wawili, na mmoja ametetea watatu kwa hoja nzuri sana. Anataka la nne, la mbuzi kikongwe aliyekwisha meno. Nimeshaongea na muuza supu wa Mbuyuni, ameahidi kuniwekea kichwa Jumamosi.