Kijana wa kubeba spana

Miaka 3 iliyopita nilimchukua mwanagenzi kwenye kazi yangu ya ufundi bomba, na nakiri nilimchukua shingo upande. Nilijua atanichelewesha. Kweli, miezi ya mwanzo kazi ya saa moja ilikula asubuhi nzima.

Siku moja akafunga koki kwenye bomba, tukafungulia maji, ikavuja. Kuichomoa, kumbe tepu ya uzi (ile ya kuzungushia meno ya bomba ili maji yasivuje) kaizungusha kinyume, kwa hiyo kila alipokaza, tepu nayo ilikuwa inafumuka. Nikamwonyesha: mdomo wa bomba ukutazame wewe, tepu izunguke kama mshale wa saa. Akauliza, "Kwa nini, fundi?" Nikakwama! Miaka yote nafanya kwa mazoea, sijawahi kulieleza kwa maneno.

Tangu siku hiyo hata mimi nafanya kazi kwa umakini zaidi, maana kuna macho yananitazama. Leo yeye yuko jengo lake, mimi langu, kazi mbili zinakwenda kwa wakati mmoja. Kuna wateja wanaomtaka "yule kijana" badala yangu (wivu kidogo upo, sikatai).

Jana nimemkuta akimfokea mwanagenzi mpya kwa maneno yangu yale yale, mpaka kile kikohozi ninachoanza nacho.