Nilivyoandika Historia ya Ranchi Alikochunga Babu

Familia yenye ranchi nje ya mji wa Nanyuki, Laikipia, nchini Kenya, iliponiomba niandike historia yake, ilinikabidhi sanduku la barua na picha za ndugu wawili, maofisa wa Kiingereza, waliopata ardhi hiyo katika mpango wa mwaka 1919 wa kuwagawia mashamba wanajeshi waliotoka Vita vya Kwanza vya Dunia. Nilikubali kwa sharti kwamba wachungaji nao wawemo, kwa kuwa babu mzaa baba alichunga ng'ombe papo hapo.

Barua zilisimulia vizuri taabu za mwanzo, hasa ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, uliomaliza ndama, lakini zilianza kana kwamba nchi ilikuwa tupu. Wamaasai walihamishwa kutoka Laikipia kupelekwa kusini kati ya 1911 na 1913, ilhali mkataba wa 1904 ulikuwa umewaahidi ardhi hiyo. Aidha, mpango wa 1919 ulikuwa wa Wazungu peke yao; askari Waafrika wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni) na wapagazi wa Kariakoo (Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi), waliotumika katika vita hivyo hivyo, hawakugawiwa kitu. Nilianza na sura hiyo, na ilinibidi kuitetea mbele ya familia kwa mchana mzima.

Kilichonisumbua zaidi ni tarehe, kwa sababu barua nyingi hazikuwa na mwaka, na wazee huhesabu kwa njaa na nzige. Shangazi ndiye aliyenitoa katika mkwamo huo. Alifungua kitambaa akanipa kipande cha babu, yaani kitambulisho cha kazi ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba wakati wa ukoloni: kikopo cha chuma chenye kutu, kilichovaliwa shingoni kwa kamba, na ndani yake karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo, yenye alama za vidole, mshahara, tarehe ya kuajiriwa na sahihi ya mwajiri. Sahihi ilikuwa ile ile ya kwenye barua. Babu alizoea kusema kwamba kazi yake ya kwanza ilikuwa kubeba mawe ya josho, yaani birika la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe; kwa hiyo barua inayoeleza ujenzi wa josho ikapata mwaka wake, 1927, na nyingine zikajipanga kuizunguka.

Picha ya josho hilo ilikuwa na majina ya wale ndugu wawili, kisha neno "wafanyakazi". Niliketi na wazee watatu tukaitazama sura moja moja. Kati ya wanaume kumi na mmoja tumewatambua sita, babu akiwa wa pili kutoka kushoto. Waliobaki nimewaachia mistari mitupu, na bado ninauliza.