Sauti Inayotaja Vipimo

Kitabu cha Kutoka, sura ya 25 hadi 31: maagizo ya kutengeneza hema la ibada, sura ambazo wasomaji wengi huzipita mbio. Moshi na ngurumo za Sinai zimetangulia katika sura ya 19, na sasa BWANA anamwambia Musa habari za mbao: sanduku la mti wa mshita, urefu dhiraa 2 na nusu, upana dhiraa 1 na nusu, kimo vivyo hivyo, lifunikwe dhahabu safi ndani na nje. Kwangu mimi, hapa Torati inaonyesha vizuri kuliko kwingine jinsi Mungu anavyoagiza.

“BWANA akanena na Musa”, au maneno ya namna hiyo, inatokea mara 7 katika sura hizi, kila mara ikifungua hotuba. Hotuba ya kwanza peke yake inameza zaidi ya sura 5. Zinazofuata ni fupi: mchango wa nusu shekeli kwa kila mtu, birika la shaba, mafuta, uvumba, mafundi Bezaleli na Oholiabu. Ya 7 haina chombo chochote. Ni Sabato, yaani hata kazi ya hema isimame. Anayekumbuka siku 7 za uumbaji katika Mwanzo 1 na 2 ataisikia hesabu hiyo.

Lakini mafuta ya kutiwa (30:22-33) ndiyo yanayonishika zaidi. Manemane shekeli 500, mdalasini 250, kane 250, kida 500, na mafuta ya zeituni hini 1. Tukiichukua shekeli kuwa takriban gramu 11, manukato ni kilo 16 na ushei, ilhali hini ni lita chache tu. Ukiyamimina mafuta moja kwa moja juu ya viungo vikavu, yatanywewa yote, na kuhani Haruni hapakwi kitu. Marabi wa Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya walimu wa Kiyahudi, waliliona tatizo hilo. Mmoja alisema viungo vilichemshwa ndani ya mafuta. Mwenzake akajibu kwamba mafuta hayo yasingetosha hata kuvipaka. Kwa maoni yake, vililowekwa kwanza katika maji, mafuta yakatiwa juu, yakavuta harufu, kisha yakaenguliwa. Nami niko upande wake: viungo vilivyokwisha kushiba maji havinywi mafuta. Andiko lenyewe linataja uzani, kisha linasema tu iwe kazi ya mtengeneza manukato. Ufundi ameachiwa fundi.

Mapengo ya namna hiyo ni mengi. Kinara cha taa kina uzani, talanta 1 ya dhahabu pamoja na vyombo vyake, kina matawi 6 na vikombe mfano wa maua ya mlozi, ila kimo hakitajwi. Birika halina kipimo hata kimoja. Musa anaambiwa avifanye kwa mfano aliooneshwa mlimani (25:40), kwa hiyo maneno peke yake hayakukusudiwa kutosha.

Hata mpangilio unabadilika kazini. Agizo linaanza na sanduku. Bezaleli na wenzake wanaanza na mapazia na mbao za maskani (sura ya 36), na sanduku linafuata katika 37. Ni busara, kwani chombo kitakatifu kitawekwa wapi kabla ya nyumba? Wala hakuna anayewakemea. Wakati wa kusimamisha hema, sura ya 40 inasema mara 7 “kama BWANA alivyomwamuru Musa”.

Nadabu na Abihu, wana wa Haruni, katika Walawi 10, wanaleta moto ambao BWANA hakuwaagiza, nao wanateketea. Naona tofauti iko wazi: Bezaleli alipanga upya hatua za kazi aliyoagizwa, hawa walileta kitu kisichoagizwa kabisa.

Na pale agizo lisipomfikia mtu, njia ni kuuliza. Kitabu cha Hesabu, sura ya 9: watu waliotiwa unajisi na maiti wanalalamika kwamba wananyimwa Pasaka. Musa anawaambia wangoje asikie, na jibu linakuja: waile siku ya 14 ya mwezi wa pili. Hesabu 27: binti za Selofehadi wanadai urithi wa baba yao, na BWANA anasema wamenena vyema. Katika sura ya 36 wakuu wa ukoo wa Gileadi wanaleta pingamizi lao, wakihofia ardhi itahamia kabila jingine, na sharti linaongezwa: waolewe na wampendaye, mradi awe wa kabila la baba yao.