Chamanto juu ya jinzi za mtumba

Mwaka wangu wa pili Santiago, Chile, nilipanga chumba kwa bibi mmoja mjane. Aliniita "mijita", kama wazee wa kwetu Tanga wanavyosema "mwanangu". Mjukuu wake alikuwa na miaka 19, kijana wa jinzi na raba, nguo zote akizinunua mtaa wa Bandera, kwenye maduka ya "ropa americana", yaani nguo za Kimarekani. Siku aliyonipeleka nilidhani nimerudi Karume, Dar es Salaam: mitumba ile ile, harufu ile ile.

Asubuhi ya tarehe 18 Septemba, sikukuu ya taifa, bibi alifungua sanduku akatoa chamanto ya marehemu mumewe. Ni vazi la wahuaso, wapanda farasi wa mashamba ya Chile ya kati. Unaingiza kichwa katikati, linakufunika mabega na kifua. Hii ilifumwa Doñihue, upande wa Rancagua, ambako mwanamke anaweza kukaa kwenye kitanda cha mfumi miezi kadhaa kwa vazi moja tu.

Alinipa niishike. Nyuzi nyembamba kama za cherehani, zimebanana mpaka kitambaa kina uzito. Michoro iliyofumwa: zabibu, masuke ya ngano, maua ya copihue. Mama yangu ni fundi cherehani, kwa hiyo mkono ulikwenda wenyewe kuigeuza nione upande wa ndani. Sikuuona. Hakuna fundo, hakuna ncha ya uzi. Pande zote mbili ni za nje, mmoja rangi nzito, mmoja rangi ya kung'aa.

"Ule mzito wa mchana," bibi akasema. "Huu mwingine wa usiku."

Kijana alikataa kuivaa. Koti fupi la babu na suruali vilishaliwa na nondo, ilibaki kofia ya chupalla na chamanto tu. "Bibi, na jinzi? Watu watanicheka." Bibi hakumjibu. Alimvisha kama anavyovishwa mtoto wa shule, akamnyoosha kola, akarudi nyuma hatua mbili kumtazama. Macho yalimjaa machozi.

Tukaenda kwenye sherehe katika bustani ya Parque O'Higgins. Vumbi, moshi wa nyama, magitaa kila banda. Mzee mmoja aliyetimia mavazi ya kihuaso, buti hadi mshipi, alimtazama kijana miguuni akatikisa kichwa. Niliumia, maana kwangu vazi lile lilikuwa hai kuliko yote yaliyokuwepo pale. Cueca, ngoma ya taifa ya Chile, ilipoanza, msichana akamnyooshea leso. Akasita, kisha akaingia uwanjani, raba zikipiga chini, leso juu, chamanto ikifunguka kama mbawa kila akizunguka.

Jua likazama. Taa za mabanda zikawashwa. Nilimwona akitoka pembeni peke yake, akavua kofia, akavua chamanto, akaigeuza taratibu na kuivaa tena, upande wa usiku juu.