Ati gitaa la pili halisikiki

"Lakini Mjomba, halisikiki."

Tangu Jumapili neno hili limenikwama kooni. Mama karuhusiwa hospitalini, bosi kahamishiwa Eldoret, stima imepotea na kurudi, nami ningali na hilo moja tu.

Mpwa wangu wa Kondele alikuwa anacheza Power Up, albamu ya bendi ya roki AC/DC, kwenye simu. Akauliza, "Huyu wa gitaa la pili, kazi yake ni nini?" Nikamjibu kwamba ndiye anayeushika wimbo. "Lakini Mjomba, halisikiki." Akachukua chapati nyingine, yakaishia hapo. Kwake.

Halisikiki! Mtu anamwambia nani, jamani, na anajua mimi hupiga ridhimu, yaani hilohilo gitaa la pili?

Albamu yenyewe imesimama juu ya gitaa hilo. Malcolm Young, aliyekuwa akilipiga, alifariki Novemba 2017, na bado nyimbo zote 12 zimeandikwa jina lake pamoja na la mdogo wake Angus, mpigaji wa gitaa la kwanza, kwa kuwa zimetokana na vipande walivyotunga wakiwa wawili. Mwimbaji Brian Johnson alikuwa ameacha ziara 2016 kwa ajili ya masikio, Cliff Williams wa besi akastaafu mwaka huohuo, na Phil Rudd hakuwa kwenye ngoma katika ziara ile. Wakakutana studio Vancouver 2018, albamu ikatoka Novemba 2020. Nafasi ya Malcolm ilishikwa na Stevie, mtoto wa kaka yao.

Na kazi ya nafasi hiyo si ya kujazia. Malcolm alifunga nyuzi nene, ya kwanza ikiwa na unene wa inchi 0.012 wakati Angus ana 0.009, na kwenye gitaa lake la Gretsch akabakiza kinasa sauti (pickup) kimoja tu, kile cha karibu na daraja linaloshikilia nyuzi. Mkwaruzo wa ampu (distortion) aliuweka chini, nguvu ikatoka mkononi. Vijana wengi hufanya kinyume: wanapandisha mkwaruzo hadi mwisho, kordi inageuka uji, halafu wanalaumu besi. Punguza mkwaruzo, gonga nyuzi kwa nguvu zaidi, na ukate sauti kwa kiganja pale ngoma inapotaka nafasi. Kimya kile nacho ni sehemu ya pigo. Wapiga benga wa hapa Kisumu hawahitaji kufundishwa hilo.

Jana usiku, nikiosha vyombo, ndipo nikakumbuka ile simu. Ina spika moja! Magitaa haya yamerekodiwa moja kushoto, jingine kulia; ukiyapitisha kwenye spika moja yanalaliana, na lenye nota za juu ndilo sikio linalolifuata. Kijana alisema alichosikia, basi. Nimemwambia aje na earphone za waya, avue upande mmoja, kisha abadilishe. Na akitaka kurekodi vyake, asinakili pigo moja kuliweka pande zote mbili, maana litarudi katikati likiwa na kelele zaidi tu. Apige mara mbili. Tofauti ndogondogo za mkono ndizo zinazoupanua wimbo.

Amejibu "sawa Mjomba" na kikaragosi cha kucheka. Nimecheka pia.

Sasa dada anapiga kutoka Ahero, kwelea wameonekana karibu na mfereji na mpunga wetu haujakomaa. Wa kuwafukuza ni nani wiki hii, watoto wakiwa shuleni?