Siku yangu katika chumba cha tiba ya usemi

Saa mbili asubuhi. Naanza na mwalimu wa darasa la kwanza ambaye sauti yake inakwaruza tangu muhula uliopita. Daktari ameona vinundu kwenye nyuzi zake za sauti. Namwomba ashike koo atamke "sss", kisha "zzz". Kwenye z anausikia mtetemo: hewa ya mapafuni inapita kati ya nyuzi mbili, nazo zinafunga na kufunguka. Kwa mwanamke ni karibu mara 200 kwa sekunde, yaani "a" ya dakika moja ni mara 12,000. Akipaza sauti zinagongana kwa nguvu zaidi, na zinapogongana panaota sugu. Anakunywa tangawizi na asali kila siku, lakini kinachomezwa hupita kwenye umio, njia ya chakula, nyuzi hakizigusi. Dawa yake ni kusukuma maneno kwa pumzi bila kukaza koo. Inaniuma kwamba walimu wengi huingia darasani bila kufundishwa hata hilo.

Saa nne. Mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka, ameshashonwa. Akisema "baba" inatoka "mama". Midomo inafanya vilevile kabisa; tofauti iko nyuma, kwenye kaakaa laini, ambalo kwenye b hupanda likaziba njia ya pua. Naweka kioo kidogo chini ya pua: kikipata ukungu, hewa imevuja. Mama yake ameshauriwa ampe maputo apulize. Hapana. Kupuliza si kusema. Kaakaa hujifunza kusema kwa kusema. Tunarudia "baba", "bibi", "babu", naye anakitazama kioo mwenyewe. Ukungu usipopungua baada ya mazoezi, atarudi kwa daktari wa upasuaji, maana huenda kaakaa ni fupi.

Mchana nakula, naandika mafaili.

Saa nane. Mzee aliyeondolewa koromeo, pamoja na nyuzi za sauti, kwa saratani, anapumulia tundu la shingoni. Anabana shingoni kifaa cha betri kinachotetema badala ya nyuzi. Mlio wake ni mmoja tu, lakini ulimi ukilala chini ni a, ukipanda mbele ni i, midomo ikiviringa ni u. Kazi ya kinywa siioni vizuri hivi kwa mgonjwa mwingine yeyote. Shida ya leo ni "pata" inayosikika "bata", kwa kuwa kifaa kinatetema hata kwenye p. Namfundisha kubana hewa iliyomo mdomoni aiachie kwa kishindo. "Tena, mzee." Kufikia saa tisa mkewe, aliyetugeuzia mgongo ili asikie tu, anayatofautisha maneno yote mawili. Wiki ijayo tunaingia "sina" na "zina".