Saa 7 za tiketi, saa 15 za angani

Tiketi ilionyesha tunaondoka Nairobi 23:30 na kufika New York 06:30. Mama alivaa miwani, akahesabu kwa vidole kuanzia saa tano na nusu usiku, akashangaa: "Saa saba tu? Kumbe si mbali."

Ilikuwa Januari. Alikuwa anaenda kumwona mjukuu wake kwa dada yangu, New Jersey, nami namsindikiza. Nikamweleza kwamba majira hayo ya baridi New York iko nyuma yetu kwa saa 8: sisi tukinywa chai saa mbili asubuhi, kwao ni saa sita usiku. Kwa hiyo zile 7 uongeze 8, tutakaa angani saa 15. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kabisa. "Na dawa zangu za presha?"

Hapo ndipo nilipoanza kupanga safari kwa makini. Miaka ya nyuma nilipitia Amsterdam: takriban saa 8 hadi pale, nyingine 8 hivi kuvuka Atlantiki, na katikati saa 6 za kusubiri kwenye viti vya chuma. Ukipima kwenye ramani, njia hiyo inazidi ile ya moja kwa moja, ya kilomita 11,800 hivi, kwa kilomita 700 tu. Kinachomchosha mtu ni kule kusubiri, kupanga foleni na kukaguliwa upya. Kwa mama wa miaka 71 nilichagua ndege ya moja kwa moja, ambayo Kenya Airways iliianzisha Oktoba 2018, hata kama nililipa zaidi.

Daktari wake alisema tufuate saa ya Nairobi tukiwa ndani ya ndege, akatuandikia namna ya kuzisogeza dawa taratibu tukishafika. Basi saa ya mkononi ya Mama hatukuigusa. Alimeza kidonge saa mbili usiku kabla ya kupanda, na kingine saa mbili asubuhi, nje kukiwa bado giza totoro. Tulikuwa tunaelekea magharibi, mapambazuko yanatufuata nyuma bila kutufikia. Usiku mmoja wa saa 15! Kila baada ya saa mbili, akiwa macho, nilimwinua tukatembea hadi nyuma na kurudi, maana miguu yake huvimba. Nilikuwa nimemwombea kiti cha kando ya njia.

Kurudi kulichukua saa 14 hivi, kwa sababu upepo mkali wa juu huvuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege.

Tulipotua New York, saa ya Mama ilisoma nane na nusu mchana na nje hakujapambazuka. Hakuirekebisha muda wote tuliokaa kule. Asubuhi, akiwa amempakata mtoto, aliitazama na kumwambia, "Saa hizi kwetu ng'ombe wanakamuliwa."